Jani la isale na mabati sabini

Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, cha marehemu baba alfajiri, kabla mama hajaamka kuwasha moto. Ilikuwa Desemba 2001, wiki moja kabla ya Krismasi, kipindi ambacho kila Mchagga mwenye nauli anapanda kwao mlimani Kilimanjaro. Mimi nilikuwa nimefika siku mbili nyuma, usiku, makusudi, ili nisikutane na mtu njiani.

Kwa asiyetoka kwetu: masale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu unamwendea na jani lake mkononi, na kwa mila hapaswi kukufukuza. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi mlimani mwaka 1893, tukabatizwa, tukajenga makanisa, na isale likaendelea kuota palepale mpakani. Bibi yangu alikuwa Mlutheri wa kutupwa na hakuona ugomvi wowote hapo.

Kosa langu lilikuwa hili. Mvua za El Niño, zile za mwisho wa 1997 kuingia 1998, zililimaliza paa la kanisa la mtaa wetu. Ibada ikiendelea, kina mama walikuwa wakisogeza masufuria kati ya mabenchi kukinga matone. Tukachangishana tununue mabati sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, basi likatajwa jina langu kuwa mtunza hazina wa kamati. Wengine waliguna. Mzee mmoja wa kanisa, hapa nitamwita Mzee tu, akasimama akasema, "Mpeni. Namjua baba yake."

Laki tatu na nusu zilikaa chini ya kitanda changu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Julai 1998 nikazitoa, nikaingia biashara ya mitumba na rafiki yangu kwenye soko la Memorial, Moshi mjini, nikijiambia nitazirudisha zikiwa zimezaa. Mabelo mawili tuliyoyafungua yalikuwa na makoti mazito yaliyooza mabegani. Wiki ya tatu nikapanda gari la Mererani bila kumuaga mama.

Mererani sitaieleza sana. Aprili ya mwaka huohuo maji ya mvua yalikuwa yameingia mashimoni na kuua makumi ya wachimbaji wa tanzanite, kwa hiyo wenye mashimo walikuwa wanatafuta watu, hawaulizi umetoka wapi wala umekimbia nini. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa mle mashimoni, hana mshahara. Analishwa, anachimba, anangoja jiwe litoke ndipo agawiwe. Kwetu halikutoka. Nilikaa zaidi ya miaka mitatu, na mle chini nilikuwa na kawaida ya kumlaani Mzee, eti asingenidhamini nisingeharibikiwa. Mtu mwenye hatia ana akili za ajabu.

Basi asubuhi ile nikabisha hodi kwake, jani mkononi na karatasi mfukoni. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika namna nitakavyomlipa, elfu ishirini kila mwezi, mpaka mwezi wa mwisho, nimeipigia mistari kwa rula. Nikipita kihambani mwake niliona migomba imekonda, mikungu midogo, na mibuni mingi imeng'olewa. Ya mibuni niliielewa, maana bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya na watu wengi walikuwa wanang'oa. Ya migomba nilidhani ni jua.

Mzee alikuwa kwenye kigoda, ananoa panga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Sauti haikutoka. Akalitazama.

"La nini hilo?"

"Mzee, nimekuja kwa yale ya mabati."

"Mabati yalipanda Septemba ya mwaka uleule. Hukuyaona ulipopita?"

"Nilipita usiku."

"Aa." Akalipokea jani, akafutia maji kwenye panga lake, akaliweka kando. Nilishtuka, kwa sababu isale halifanyiwi hivyo. "Umechelewa nalo. Jambo lile lilikwisha zamani."

Nikatoa karatasi. Hakuikunjua. "Hiyo kamwashie mama yako moto," akasema, kisha akamwita mkewe aniletee uji.

Nasema kweli, nilitoka pale nimeudhika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kikao cha ukoo, hata kwa polisi. Nilikuwa nimejiandaa kulipa, na kulipa kungenirudishia heshima yangu kidogo kidogo, elfu ishirini ishirini. Yule mzee alininyima hata hilo. Nilifanywa mnyonge nikiwa na mpango mzuri uliopigwa rula!

Jumapili nikarudishwa kundini. Waliolelewa katika Ulutheri wa kwetu wanajua: unasimama mbele, kila mtu anajua umefanya nini, mchungaji anakuuliza maswali na usharika unaulizwa kama unakupokea. Akasoma Warumi 5, "na dhambi ilipozidi, neema ilikuwa nyingi zaidi." Mstari huo niliukariri tangu darasa la kipaimara, ningeweza kuutaja usingizini. Siku ile nilikuwa nahesabu mabati ya darini, safu kwa safu, nisikutane na macho ya watu. Nikapiga magoti, nikala Chakula cha Bwana. Ningependa kuandika kwamba moyo uliwaka. Mdomo ulikuwa mkavu tu, mkate ukaninata kwenye kaakaa.

Katikati ya mahubiri mvua ilinyesha, na tone likawa linaanguka benchi la tatu upande wa wanawake, pu, pu, juu ya kitenge cha mama mmoja. Watu walipotoka, Mzee akanishika bega.

"Wewe ni mwepesi. Panda uone msumari gani."

Wakaniletea ngazi, nyundo na lami kwenye kopo. Jirani yetu mmoja akashikilia ngazi chini. Niliuona msumari haraka, umenyanyuka, mpira wake umepasuka. Nikachovya kijiti kwenye lami, na nilipoinua kichwa nikaona kihamba cha Mzee chote pale chini, nyumba, mibuni michache, na banda la ng'ombe. Bandani mlikuwa na kuni. Zimepangwa vizuri hadi juu, kuni za miaka.

Kwetu ng'ombe anakaa ndani, anakatiwa majani, na samadi yake ndiyo inayolisha migomba. Ng'ombe akiondoka, migomba inakonda.

"Ng'ombe wa Mzee yuko wapi?" nikauliza huku nikitazama chini.

Jirani alikaa kimya kwanza. "Alimuuza yule mweusi na ndama wake. Haikutosha, akaongeza hela ya kahawa. Alituambia atakayekueleza atakiona."

Septemba 1998. Mwezi huo mimi nilikuwa ndani ya shimo, namlaani. Mabati yalikuwa yameshapanda, kabla sijafikiria kurudi, kabla jani lile halijachipua kwenye shina lake. Niliugonga ule msumari mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Jirani akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia lami imeniingia jichoni.

Mererani sikurudi tena. Jumatatu asubuhi nilijaza kiroba samadi ya ng'ombe wa mama, nikajitwika mpaka kwa Mzee, maji ya samadi yananitiririka mgongoni. Aliniona tangu mbali. Uso ulikuwa umekunjamana.

"Nilikwambia sitaki malipo."

"Si malipo, Mzee. Ni mavi ya ng'ombe."

Akacheka mpaka akakohoa, mkewe akachungulia kutoka jikoni. Kisha akanionyesha kwa fimbo mgomba wa mshare ulioinama karibu na mfereji.

"Anza na ule," akasema. "Na usirundike shinani, utauunguza."