Daftari la 4,294,967,297: sifuri moja na siku nne

Namba ninayoishughulikia ni 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, kisha ukajumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliamini kuwa ni namba tasa kama zile tano zinazoitangulia katika ukoo wake, ambamo kipeo cha 2 huongezeka maradufu kila hatua (3, 5, 17, 257 na 65,537), mpaka mwanahisabati Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. Jibu nililijua tangu mwanzo. Nilichotaka ni kulifikia kwa kalamu, kwa kuwa kikokotoo cha dukani kwangu hapa Kibirizi, ambacho kutwa kinajumlisha bei za nyavu na maboya, kinaishia tarakimu 8, na namba hii ina 10.

Anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine kuanzia 2 ataifikia 641 katika jaribio la 116. Mfaransa Lucas aliifupisha safari hiyo mwaka 1878: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 128. Niliandika 129, 257, 385, 513 na 641, nikafuta tatu zisizo tasa, zikabaki mbili. Kwa 257 nilipata baki 2.

Kwa 641 ndipo nilipokwama siku nne. Hesabu iliisha bila baki, lakini jawabu langu lilikuwa 670,417, na nilipolizidisha kwa 641 nikapata 429,737,297, namba pungufu mno. Nilirudia kuzidisha mara tatu nikidhani kosa liko huko. Mpwa wangu wa kidato cha pili, aliyekuja kuchukua chenji, aliinama juu ya daftari akauliza, "Mjomba, hapa umeshusha 6 na 7 kwa pamoja, mbona sifuri ni moja?" Baada ya 4,489 kubaki 2, ukishusha 6 unapata 26, isiyotosha 641, hivyo unaandika sifuri, ukishusha 7 unapata 267, nayo haitoshi, unaandika sifuri ya pili. Jawabu sahihi ni 6,700,417. Nilimwongezea mia mbili.

Juma hili nilitaka kuhakikisha kwamba 6,700,417 yenyewe ni tasa. Kipeuo chake cha pili, ambacho ndicho kikomo cha kutafuta kigawo, hakifiki 2,589, na kwa kuwa vigawo vyake ni vigawo vya namba ile kubwa, sharti la 128 linaihusu nayo. Hadi kikomo hicho namba tasa zinazolitimiza ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 basi. Baki nilizopata, kwa mpangilio huo, ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri hata moja, na safari hii nimezikagua zote kwa kuzidisha.

Inayofuata katika ukoo huo ina tarakimu 20, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Hiyo siigusi kabla sijanunua daftari la mistari ya miraba.