Kiwanja kimoja, wanunuzi wawili

Kiwanja chenyewe kiko pembezoni mwa Dar es Salaam, eneo lisilopimwa. Nilikuwa na mkataba wa mauziano, mashahidi na mhuri wa serikali ya mtaa. Miaka michache baadaye nikakuta mtu kamwaga mchanga na mawe anataka kujenga. Naye ana mkataba, mhuri uleule, muuzaji yuleyule!

Nikaanzia Baraza la Kata. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenzangu hakutaka suluhu, kwa hiyo hapo hatukukaa.

Wakili, kabla hata hajausoma mkataba, akaniuliza: "Mama, aliyekuuzia naye tunamshtaki?" Mimi nilikuwa namtaka yule wa mchanga tu. Akanieleza kwamba muuzaji akiachwa nje, tunaweza kushinda halafu Mahakama Kuu ikafuta shauri lote, tukaanza upya. Basi akaingizwa, mjibu maombi (yaani mdaiwa) wa pili. Akanituma pia Mamlaka ya Mapato (TRA) kulipia ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa haupokelewi kuwa kielelezo.

Kwa karatasi tulikuwa sawa kwa sawa, tofauti ni tarehe, na tarehe mwenzangu alidai nimeighushi. Walionibeba ni majirani wa mipaka. Mzee mmoja alieleza jinsi tulivyoizunguka mipaka siku ya mauziano, nani alishika kamba, nani alipanda minyaa. Wakili wa upande wa pili alimhoji mpaka nikamwonea huruma, lakini mzee hakuyumba. Baraza la Wilaya lilipokuja kutembelea eneo, mambo yakawa wazi: mkataba wa mwenzangu unasema upande wa kaskazini ni barabara, na kaskazini pale pana minyaa ya mzee yule, mirefu kuliko sisi sote. Nadhani alioneshwa kiwanja kingine kabisa. Naye kaliwa fedha zake, maskini.

Hukumu ikasema muuzaji alipomuuzia mwenzangu hakuwa tena na kitu cha kuuza. Akaamriwa amrudishie fedha. Siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu zikapita kimya. Nikachukua nakala ya hukumu na tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, nikapeleka serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti sasa ni mwingine, ili wapimaji wakija wasiandike jina lisilo langu.