Ndoo kumi na moja

Nilikuwa na daftari la shule, lile la jalada la samawati, nalitundika kwa uzi kwenye msumari juu ya mlango wa ngama, tumbo la chini kabisa la jahazi letu. Kila asubuhi kabla ya chai nilishuka na ndoo ya lita 20, nikafua maji yaliyoingia usiku, yaani nikayachota na kuyamwaga nje, nikaandika tarehe na idadi ya ndoo. Nne. Nne. Tano. Nne. Chombo cha mbao hakikosi kunywa maji, hilo nilifundishwa siku ya kwanza. Jambo la kuangalia ni kama kinywaji kimezidi. Hakikuzidi. Julai yote na Agosti yote, nne na tano, na mimi nikalala usingizi wangu.

Jahazi lilikuwa la babu yake mume wangu. Dogo, futi 38, liliundwa Matondoni kule Lamu, na umri wake wote lilibeba boriti za mikoko kuzileta Mombasa. Mzee alipofariki hakuna aliyelitaka. Wajomba walisema liuzwe mbao. Mume wangu akasema yeye atalichukua kama lilivyo, na mimi, niliyekuwa nimeolewa mwaka mmoja tu na kupanga chumba kimoja Kibokoni chenye dirisha la kuchungulia ukuta wa jirani, nikasema twende. Mamangu alilia. Alisema hakunisomesha na kunifunza cherehani ili nikaishi kama baharia.

Cherehani nilikwenda nayo. Ilikaa shetrini, sehemu ya nyuma ya chombo, chini ya turubali, nikishona madera na sare za shule, na kwa mbele naiona Bandari ya Zamani na nyumba za Mji wa Kale zilizoinamia maji. Tulitia nanga upande wa pili wa mkono wa bahari, upande wa Nyali, mahali penye kipwa cha mchanga. Jiko letu lilikuwa la makaa, limekaa ndani ya sanduku la mchanga. Maji ya kunywa tuliyaleta kwa hori, mitungi sita kila siku ya pili. Na kila asubuhi na jioni tulimwaga maji ya bahari kwenye sitaha, ndoo kwa ndoo, ili jua lisikaushe mbao zikaachana. Watu wa bara hudhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha chombo. Sivyo. Chumvi huhifadhi mbao. Kinachoozesha ni maji ya mvua, yanayopenya kwenye ufa wa sitaha, yakashuka taratibu na kutuama mahali pasipo hewa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 mume wangu hakulala chomboni. Ammi yake alikuwa na hitima Likoni, akalala huko. Ulikuwa usiku wangu wa kwanza peke yangu tangu mwezi wa sita.

Asubuhi nilipotia mguu ngamani maji yalinipita kifundo. Nikadhani ni kiza kinanidanganya. Nikafua. Ndoo ya tano, ya sita. Redio ndogo ilikuwa inasema juu, na nilikuwa nimeishika ndoo ya saba niliposikia kwamba meli ya Spice Islander, iliyotoka Unguja usiku kwenda Pemba, imezama karibu na Nungwi. Watu walikuwa bado wanaokolewa. Hakuna mtaa wa Mji wa Kale usio na ndugu Pemba, na hata mbali vile nilisikia sauti za wanawake zikitoka ng'ambo, au nilijidhania nasikia. Nikaiweka ndoo chini nikawasomea Fatiha. Kisha nikaendelea kufua, kwa sababu maji hayakungoja. Zilifika kumi na moja.

Sikuandika. Nilichukua bisibisi na tochi, nikaanza kuinua mbao za sakafu moja moja, kutoka omo, mbele, kurudi tezi, nyuma. Nilifuata kila mshono kwa vidole. Nyuma kidogo ya mlingoti, ubao wa kwanza kutoka kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, mkono wa kushoto, vidole vikagusa kitu baridi na laini. Kipande cha bati la debe la mafuta, ukubwa wa sahani, kimegongomewa misumari midogo na kupakwa grisi pembeni. Grisi ilikuwa bado mbichi. Nikalibandua. Nyuma yake ubao ulikuwa mweusi, na bisibisi ilipougusa ikazama kama inaingia kwenye muhogo uliochemshwa. Maji yakanitemea mkononi. Nikalirudisha bati haraka na kulikandamiza kwa tambara na gunia la mchanga.

Alirudi saa nne na mahamri ya Likoni yakiwa ya moto kwenye gazeti. Habari za meli alikwisha kuzisikia kivukoni, uso umemwiva kwa huzuni. Nilimwacha akae. Nikamwambia, "Kuna bati ngamani. Nani alilitia?"

Hakujibu upesi. Aliyaweka mahamri kando.

"Mimi. Mwezi wa saba."

"Na maji?"

"Nilikuwa nikiamka saa nane usiku nikafua. Nikaacha ndoo nne."

"Kwa nini nne?"

"Ndizo ulizozizoea."

Nilikuwa nikimsikia usiku. Godoro lilipoinuka nilijua ameamka, na kila mara nilijiambia mume wangu anasimama kuswali tahajudi, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtu kama huyu, nikageukia upande wa pili. Miezi miwili. Daftari langu lote lilikuwa ni hesabu aliyoiandika yeye kwa mkono wangu. Hilo ndilo lililonichoma, kuliko ubao, kuliko maji. Nilimwambia nilikuwa nalala juu ya tundu, na kule Nungwi wako watu waliolala vilevile hawakuamka.

Akainamisha kichwa. "Nilichelea ungesema tushuke."

"Ningesema tupandishe," nikamwambia. "Tupandishe pwani, tutengeneze. Ungeniuliza."

Alilia. Sikumwona kulia tena hadi alipozikwa mamake. Mahamri hatukuyala siku ile.

Jioni alikwenda Kisauni kumleta mzee fundi, aliyewahi kufanya kazi na babu yake. Mzee alishuka ngamani bila kuvua kofia, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena mbele na nyuma mpaka sauti ilipobadilika, akatia alama kwa makaa. Futi mbili na nusu. Alimwonyesha mume wangu ufa kwenye sitaha, juu kabisa, palipotoka maji ya mvua, na msumari wa chuma uliooza na kuila mbao iliyouzunguka. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwezi ni wa ngapi leo, mwanangu?"

Ulikuwa Mfungo Mosi, yaani Shawali, mwezi unakaribia kuwa mpevu. Nikamjibu, akahesabu vidole. Bamvua lenyewe, yale maji makubwa ya mwezi, alisema, huja baada ya mwezi kumi na nne, siku moja au mbili mbele. Ukipandisha chombo siku ya maji makubwa kabisa, kila siku inayofuata maji hupungua, na usipokimaliza siku ile utakaa mchangani wiki mbili ukingoja bamvua jingine. "Panda kumi na nne. Kumi na tano na kumi na sita maji yatakuja kukuchukua mwenyewe." Na Septemba, akaongeza, maji huvuta kuliko miezi mingi.

Siku zilizobaki tulizimaliza mbio. Mume wangu alipata kipande cha mbambakofi. Mimi nilikwenda Marikiti na Mwembe Tayari kutafuta shahamu, chokaa, pamba na mafuta ya simsim. Maji yalipokupwa nilitembea peku kwenye kipwa, hatua kwa hatua, nikiokota kila jiwe ambalo mkuku ungelikalia, na tukachomeka vijiti viwili pa kulenga. Usiku tulifua kwa zamu, na tulizungumza mambo ya kazi tu.

Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Kwa hiyo saa kumi alfajiri, mwezi mpevu ukiwa juu ya Mji wa Kale, tulilisukuma jahazi kwa pondo mpaka mkuku ukagusa mchanga. Mlio wake niliusikia kwenye magoti, mkwaruzo mrefu wa taratibu. Vijana wawili wa mzee wakaweka magadi, magogo manne kila ubavu, lisije likalala. Kisha tukangoja. Adhana ikatoka ng'ambo, msikiti baada ya msikiti, tukaswali pale pale mchangani, maji yakiondoka nyuma yetu.

Kulipopambazuka tukaliona tumbo lake. Kwa mwaka mzima nilikuwa nalala ndani ya kitu nisichokijua sura. Majani ya bahari, magamba yaliyong'ang'ania kama chokaa, na huku na huku matundu madogo ya mdudu anayetoboa mbao. Tulipara kwa panga butu na makumbi ya nazi. Vijana wakawasha makuti makavu wakapitisha moto chini, ubao kwa ubao, moto wa haraka usiokaa mahali pamoja, ili mdudu afe na mbao isiungue. Moshi ulitukaba. Mafuta ya zamani yalichuruzika mchangani meusi.

Mzee alikata sehemu iliyooza. Ilitoka vipande vipande, nyingine ikasagika mkononi mwake. Tulipochungulia kwenye tundu lile tuliona mpaka ndani, tukaona gunia langu la mchanga na mguu wa meza yetu. Mume wangu alilitazama kwa muda mrefu. Mzee hakumwambia neno. Alimkabidhi tezo.

Ubao mpya ulitiwa na kutolewa mara tisa. Kila mara mzee alipaka masizi kwenye ukingo, akaubana, akautoa, akachonga palipoacha alama, unyoya tu wa mbao. Saa nne ikapita, maji yakafika mwisho wake wa kupwa na kuanza kurudi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nasokota pamba juu ya paja, mchezo ule ule wa kusokota uzi, naichovya kwenye simsim, naiviringa. Nilisokota mpaka ngozi ya paja ikawa nyekundu. Saa sita ubao ukakaa. Wakaupigilia misumari, na kwa ndani ubao mwingine wa kuushika.

Kalafati, kazi ya kuziba mishono, mzee alinipa mimi. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa pamba ilikuwa yangu. Alinionyesha kushika patasi butu, kuikunja pamba kidogo kidogo ndani ya mshono na kuipiga. "Sikiliza, mwanangu. Ikiwa bado na njaa hulia puu. Ikishiba hulia ti." Nilipiga puu, puu, puu, na maji nayaona yanakuja kwenye mchanga kama mtu anayekunjua kitambaa. Kisha sauti ikageuka. Mume wangu aliyekuwa amelala chini upande wa pili akasema, "Hiyo!" Tukaendelea hivyo, mimi napiga, yeye anasikiliza, mpaka mshono wote ukalia sauti moja. Tulikuwa hatujazungumza maneno mengi vile tangu asubuhi ya meli.

Mwisho ni shahamu na chokaa, iliyopondwa pamoja ikiwa bado vuguvugu. Tuliipaka kwa viganja, watu watano, tukikimbizana na maji. Safu ya chini kabisa niliipaka nikiwa nimepiga magoti ndani ya maji.

Saa tisa na nusu jahazi likatikisika. Magadi yakaanza kuelea moja moja na vijana wakayavuta. Saa kumi kasorobo likainuka lenyewe, bila kusukumwa, tukalivuta kwa amari mpaka kwenye nanga yetu. Mzee alikataa kulipwa yote. Alichukua nusu, na samaki, akaniambia sitaha ile izibwe kabla ya vuli kuanza. Iliyobaki tulimpelekea Kisauni mwezi uliofuata.

Nilishuka ngamani na tochi. Mume wangu alibaki juu mlangoni.

"Vipi?"

Ubao mpya ulikuwa umelowa. Kwenye pembe moja tone lilikuwa linakua, linaanguka, linakua.

"Yavuja," nikamwambia.

"Kiasi gani?"

"Njoo uangalie mwenyewe."

Akashuka. Tukakaa bega kwa bega, tukihesabu matone. Mbao kavu inahitaji kunywa kwanza, ivimbe, ndipo ijifunge, na hilo halifanyiki kwa saa moja. Usiku ule tuligawana zamu. Mimi nililala wa kwanza kwa kuwa mikono yangu ilikuwa haikunjiki tena.

Nilipoamka kulikuwa kweupe, na yeye amelala ameegemea mlango wa ngama, ndoo kati ya miguu. Hakuniamsha kwa zamu yangu. Daftari lilikuwa limetundikwa mahali pake. Nikalifungua. Chini ya nambari zangu, kwa mwandiko wake ule wa herufi zilizolala, alikuwa ameandika:

Saa tatu usiku, ndoo 6.
Saa sita, ndoo 4.
Saa nane, ndoo 3, nimezifua zote.
Saa kumi na moja, ndoo 1, haikujaa.