Fremu niliyoikata kwa msumeno

Tangazo la fremu ya baiskeli ya kaboni lilisema gramu 980. Jirani yangu anauza asali, ana mizani nzuri ya dijitali, basi jioni moja nikaipeleka fremu dukani kwake, nikaisimamisha juu ya kidumu kitupu. Ukitoa kidumu, gramu 1,410. Jirani akaangalia mizani, akaniangalia mimi, akasema, "Mwalimu, umeuziwa asali yenye maji."

Ninafundisha sekondari hapa Tabora mjini. Jumamosi alfajiri huwa tunatoka watu watano au sita na baiskeli za mashindano za mtumba, tunashika barabara ya Sikonge, tunapita Kipalapala, tunageuza tukichoka. Hatushindani na mtu. Huu ni mji wa baiskeli tangu zamani: asali, mkaa, abiria, vyote vinabebwa na Foniksi, na wenye Foniksi wakituona na hendeli zetu zilizopinda kama pembe za kondoo wanatucheka. Tumezoea.

Mwaka jana nikashikwa na homa ya kaboni, zile fremu nyepesi za nyuzi na gundi. Fremu halisi ya kiwanda kimoja cha Italia (sikitaji, hakina kosa lolote hapa) inauzwa zaidi ya shilingi milioni 8, na hapo ni fremu na foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) tu, bila hata gurudumu. Kwenye soko la mtandaoni nikaiona "ile ile" kwa laki tisa na nusu. Picha zake zilikuwa na ukungu pale penye jina. Nikamwandikia muuzaji, akajibu haraka: jina utapata, rangi chagua. Ukungu ule huwekwa ili soko lisigundue kuwa nembo ni ya wizi. Nililielewa hilo pale pale, na bado nikalipa. Kwa hiyo sitajifanya niliibiwa nikiwa usingizini. Nilijiambia kwamba zote zinatoka kiwanda kimoja, tofauti ni stika.

Maneno hayo ndiyo chambo, na yananasa kwa sababu nusu yake ni kweli. Majina makubwa mengi hutengenezewa fremu zao China na Taiwan. Tena vipo viwanda vya huko vinavyouza fremu kwa jina lao wenyewe, na dhamana wanatoa, na watu wanaziendesha miaka. Hao sina ugomvi nao. Ninayemsema ni yule anayebandika jina la mwenzake. Huyo ameshakuambia mapema kwamba siku kitu kikikatika, hutajua umtafute nani.

Kabla ya kulipa nilimwuliza kama fremu imepimwa. Akanitumia picha ya cheti kilichoandikwa ISO 4210, kile kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli. Ni kiwango cha kweli, na kina jaribio ambalo fremu inakandamizwa kwenye pedali mara 100,000 kuona kama itapata ufa. Ila jina la modeli kwenye cheti halikuwa la fremu yangu. Nililiona hilo baada ya miezi mitatu. Siku ya kulipa macho yangu yalikuwa kwenye rangi nyekundu.

Sasa nije kwenye sehemu iliyoniuma kuliko zote, maana itawauma wengi wanaoagiza kama mimi. Mzigo wetu hauji moja kwa moja. Unapelekwa kwanza ghala la wakala kule Guangzhou, unaunganishwa na mizigo ya wengine, unapanda meli hadi Dar, kisha basi au lori hadi Tabora. Kwa soko la mtandaoni, fremu yangu "ilipokelewa" siku ilipoingia lile ghala. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na siku 15 za kulalamika. Siku hizo ziliisha meli haijaondoka bandarini. Boksi lilipofika mikononi mwangu, dirisha la malalamiko lilikuwa limefungwa siku nyingi, hata kitufe chenyewe sikukikuta. Wakala alikuja kuniambia baadaye, kama kitu cha kawaida tu, kwamba kwa ada kidogo watu wake wangefungua boksi kule kule, wapime uzito, wapige picha. "Kaka, mbona hukusema?" Sikujua kama kuna kusema.

Nikaipeleka kwa fundi wangu, mtaa wa Ng'ambo hapa mjini. Ni mzee, ametengeneza baiskeli za wabeba asali tangu mimi sijaanza shule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mkono tayari uko kwenye fremu. Akaibonyeza, akainusa (kwa nini aliinusa mpaka leo sijui), akaniuliza, "Hii ndiyo ya laki tisa?"

Kikombe cha gololi cha upande wa cheni, pale ekseli ya pedali inapozungukia, hakikuingia sawasawa. Akakitoa, akakirudisha, kikazidi kwenda upande. Sikio langu likasikia "krik", na ile pete ya aluminiamu yenye njia za skrubu ikazunguka yenyewe ndani ya kaboni. Gundi ilikuwa imeachia kabla hata ya kukanyagwa. Mzee akaibandika upya kwa gundi ya chuma, akaniambia hiyo ni dawa ya muda.

Nikaiendesha hivyo wiki tatu. Ndiyo, niliiendesha. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa nzuri, wanafunzi walipiga nayo picha. Lakini nikiachia hendeli, baiskeli ilikuwa inaenda kushoto kama mbuzi aliyeona shamba la watu. Na nikisimama kwenye pedali, chini kulikuwa na mlio, tk, tk, tk. Nikarudi kwa mzee.

Hakuwa na kifaa cha maana. Alichukua uzi wa kushonea magunia, akaufunga pale ekseli ya nyuma inapokaa, upande wa kulia, akauzungusha mbele kwenye kichwa cha fremu, akaurudisha nyuma upande wa kushoto, akaukaza mpaka ukawa unalia ukiugusa. Kisha akapima kwa rula ya mwanangu umbali kati ya uzi na bomba la kiti. Kulia milimita 31. Kushoto 26. Akapima tena, akaniachia rula nipime mwenyewe. Mkia wa fremu ulikuwa umekaa upande tangu ilipotoka kwenye kalibu. Kama ingekuwa ya chuma, mzee angeinyoosha kwa bomba refu na magoti yake. Kaboni hainyooshwi.

Halafu akafungua hendeli, akachomoa foku. Kwenye lile bomba linalopanda kushika hendeli, pale linapobanwa na boliti, kulikuwa na mstari mwembamba, umezunguka kama robo ya bomba. Nikaufuta kwa kitambaa nikidhani ni uchafu. Haukufutika. Nikapitisha ukucha, ukucha ukanasa.

Niwe mkweli: huenda ufa ule niliuleta mimi. Boliti za pale mara nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 5 hivi, nguvu ndogo kuliko mkono wa mtu aliyezoea Foniksi unavyodhani, na sisi tulikuwa tunakaza kwa spana ya kawaida na makadirio. Hata kaboni halisi ungeiumiza hivyo. Sina namna ya kujua, na muuzaji naye alilijua hilo, ndiyo maana jibu lake la kwanza lilikuwa "umekaza sana".

Mzee hakujali nani mwenye kosa. "Chuma kinalia kabla ya kukatika, mwalimu. Kinapinda, kinakupa siku mbili tatu. Hiki kinakatika kama muwa." Alikuwa sahihi. Bomba lile likikatika unabaki na hendeli mkononi na uso unaenda kwenye lami, na barabara ya Sikonge ina malori.

Kwa muuzaji nilipeleka video ya uzi na rula, picha ya ufa, picha ya mizani. Tulibishana siku nne. Akaanza na dola 10, akafika 20, kwa sharti nimpe nyota tano. Nilikataa nyota, nikaambulia patupu. Ndugu yangu mmoja akanishauri nipeleke shauri Tume ya Ushindani, maana wao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia nchini. Ningeenda kusema nini? Kwamba niliagiza nembo ya wizi, na ikanifikia?

Fremu ikakaa nyuma ya mlango mwezi mzima. Mke wangu akawa anaanikia taulo.

Hapo akaja kijana mmoja wa pale kituo cha bodaboda, anapenda sana mbio za baiskeli, anaendesha baiskeli nzito ya chuma na bado anatuacha. Alisikia ipo. Akaniambia ana laki tatu taslimu, ataitia foku nyingine, ufa anajua upo, yeye si wa kulalamika. Laki tatu ni hela. Nikamwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri, usiku mbili. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Baba Neema, akianguka utakwenda msibani ukiwa nani?"

Kesho yake nikanunua bledi mbili za msumeno wa chuma.

Tuliikata kwa mzee, nje, huku mtoto wake akimwagia maji pale msumeno unapopita. Vumbi la kaboni linawasha kama upupu na si zuri kwa mapafu. Tulijifunga barakoa na bado mikono iliniwasha mpaka usiku. Tulianza na bomba la chini, lile nene.

Fremu ya kaboni hutengenezwa kwa vipande vingi vya kitambaa cha nyuzi kilicholoweshwa gundi, vinapangwa ndani ya kalibu kila kimoja na mwelekeo wake, kisha mfuko unajazwa upepo kwa ndani uvisukume vishikane wakati joto linaikausha gundi. Upepo ukiwa mdogo au mpangaji akiwa na haraka, nyuzi zinajikunja na mapovu yanabaki. Kwa nje rangi inafunika kila kitu. Kwa ndani, yetu ilikuwa na mikunjo kama shuka ya mgonjwa, kipande cha mfuko wa plastiki kimegandia humo humo, na kwenye kona karibu na pedali bonge la gundi tupu, la rangi ya asali hasa, kubwa kama kidole gumba. Upande mmoja wa bomba unene ulikuwa milimita 3, upande wa pili haukufika 1. Zile gramu 430 za ziada nikaziona zilipokuwa. Gundi tupu ni uzito tu, nguvu inatoka kwenye nyuzi.

Siku hizi naendesha fremu ya chuma ya mtumba, niliagiza Kariakoo kwa laki mbili na ishirini, ina kutu kidogo chini ya rangi na inakwenda moja kwa moja. Vipande vya ile nyingine tulivizika. Kasoro kimoja, urefu wa mkono, ambacho mzee amekitundika kwenye msumari mlangoni pake.

Yule kijana alipita wiki iliyofuata, bado amenuna. Mzee hakumwambia kitu, akakitungua kile kipande akampa. Kijana akaingiza kidole ndani ya bomba, akakizungusha taratibu, akakitoa, akakitazama.