Bunduki ya babu wa mtu mwingine

Juzi mwanangu karudi kutoka safari ya shule, walipelekwa Ogden, jimbo la Utah, Marekani, kwenye makumbusho ya John Browning, yule mbunifu wa bunduki, pale Union Station, kaingia begi mgongoni hata viatu hajavua, kaniuliza, "Baba, we ulishawahi kushika bunduki?" Mama yake akanitazama. Nikamjibu nilishika, siku moja, dukani, nikiwa na Babu. Akasema ahaa akaenda zake kula. Mi nikabaki jikoni na mwiko mkononi kama nimepigwa na kitu.

Babu si babu yangu wa damu, ni mzee wa Ogden niliyekuwa namsaidia. Wakati huo alikuwa na miaka 83, leseni ya kuendesha walishamchukulia, kwa hiyo kila Jumanne namwendesha mimi, hospitali, benki, halafu kahawa. Sasa Jumanne hiyo nafika namkuta kavaa shati lake la kanisani, kachana nywele kwa maji, kakaa kwenye kiti cha mlangoni ananisubiri. "Leo benki hatuendi," akasema. "Tunaenda kutafuta Winchester ya babu yangu."

Hiyo Winchester, bunduki ya Kimarekani, nilikuwa naijua kwa hadithi kabla sijaiona. Ni ile ya muundo wa 1873, yenye mkono kwa chini, unaushusha ganda linatoka, unaupandisha risasi nyingine inaingia. Babu yake aliinunua mpya kabisa, baba yake akaja kuiuza mwaka mmoja mbaya wa ng'ombe, Babu mwenyewe akiwa na miaka saba. Na alichokuwa anakikumbuka mzee wangu si kulungu waliopigwa wala nini, ni kifuniko. Ile bunduki juu pale ina kifuniko kidogo cha kuzuia vumbi, ukishusha mkono kinafunguka chenyewe, ila hakijifungi, lazima ukisukume mbele kwa kidole gumba. Babu yake jioni akishaikagua na kuhakikisha haina kitu ndani, alikuwa anaishusha mpaka usawa wa kifua cha mtoto anamwambia funga. Anafunga. Basi, kazi yake nyumba nzima ilikuwa hiyo, na alikuwa anasimulia kama mtu aliyekuwa na cheo.

Dukani (silitaji, lilikuwa njiani kuelekea Salt Lake) muuzaji alianza kutuletea ya kale yenyewe, iliyotoka kiwandani New Haven. Mi nilidhani hizo zimeisha duniani, kumbe zilitengenezwa zaidi ya laki saba, kinachosumbua ni bei. Na kitu kilichonishangaza, kwa sheria ya shirikisho la Marekani bunduki iliyotengenezwa mpaka mwaka 1898 inahesabiwa ni kitu cha kale, haina zile fomu wala kuchunguzwa, wakati kopi yake mpya inayotumia risasi za kawaida ni silaha kamili, unajaza karatasi na jina lako linapigiwa simu kwanza.

Babu akaipokea, akamulika ndani ya mtutu kwa tochi ndogo, akanipa na mimi nione. Ndani kumeliwa vishimo vishimo kama kitako cha sufuria ya zamani. Akanieleza risasi yake inaitwa 44-40, zile 40 ni greni (kipimo kidogo cha uzito) za baruti, na enzi hizo ilikuwa baruti nyeusi, usiposafisha usiku huohuo masizi yake yanakula chuma. Lakini si vishimo vilivyomfanya airudishe. Aliishika muda, akapapasa kitako ambacho kilikuwa na herufi mbili zimechongwa kwa kisu, labda na kijana fulani miaka mia iliyopita, halafu akailaza kwenye kaunta taratibu sana. "Hii ni ya babu wa mtu mwingine," akasema.

Basi tukaingia kwenye kopi.

Ya kwanza ya Japani, inatengenezwa na Miroku na ndiyo yenye haki ya kuandikwa Winchester ubavuni, kazi safi, ila iliyokuwepo siku hiyo ilikuwa fupi na mtutu wa mviringo, ya babu yake ilikuwa ndefu yenye mtutu wa pembe nane, ikawekwa pembeni. Zikabaki mbili za Uberti, Waitaliano wa Gardone Val Trompia huko mkoa wa Brescia, bonde ambalo watu wake wanafua bunduki miaka mamia, na hawa Uberti wenyewe wameanza 1959. Zote mbili mtutu wa pembe nane, uzito karibu kilo nne. Tofauti ni moja. Ya kwanza mpya, mbao ya wolnati inang'aa, chuma cha katikati kina yale mawimbi ya buluu na kahawia (zamani waliyapata kwa kufukia chuma kwenye mkaa wa mifupa na ngozi, wanakichoma, wanakitumbukiza majini). Ya pili imezeeshwa makusudi. Rangi imefubazwa, kona zimekwanguliwa zikawa nyeupe, ukiitazama ni kama imetoka dari ya nyumba ya mtu.

Babu macho yalienda kwenye hiyo ya pili na hayakutoka.

"Wewe baba yako fundi," akaniambia. "Angalia mbao, mi naangalia chuma."

Sasa hapa ndipo nataka nikae kidogo. Mi kabla ya siku ile nilikuwa sijawahi kugusa bunduki maishani, kwetu Tanga bunduki niliziona kwa askari wa benki tu, na mikono ilikuwa inatoka jasho nikaifuta kwenye suruali. Muuzaji akazifungua zote akatuonyesha hazina kitu. Nikafanya alichonifundisha marehemu baba kwenye karakana yake Ngamiani: usitazame katikati ya mbao, kila mtu anajua kupiga msasa katikati, tazama inapokutana na kitu kingine, halafu pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, fundi alikuwa na haraka. Nikapitisha pale wolnati inapoingia kwenye chuma, juu, ubavuni, nyuma kwenye bamba la kitako. Haukukwama. Kwa zote mbili. Babu upande wake anatazama skrubu kama vichwa havijaliwa na bisibisi, anatikisa ule mkono wa chini kusikiliza kama unacheza, anaushusha polepole aone kile kipande cha shaba ya njano kinavyopanda na risasi, kinafika juu kinasimama sawasawa bila kusuasua. Akatikisa kichwa kukubali. Fundi wa hizi hakulipua kazi, hilo tulikubaliana.

Halafu akachukua ile iliyozeeshwa, akaushusha mkono. Kifuniko kikafunguka, sauti fulani laini, chuma juu ya chuma chenye mafuta. Akaurudisha. Na kidole gumba chake kikaenda chenyewe. Mzee huyu mikono inatetemeka, chai namjazia nusu kikombe isimwagike, lakini kidole kile kilienda pale moja kwa moja bila kutetemeka, kikasukuma, kikafunga. Akabaki amesimama kidole kipo palepale juu ya kifuniko. Duka lina watu, redio inapiga, muuzaji mwenyewe kanyamaza. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Mi nilimwona mtoto wa miaka saba, naandika nilichokiona.

Ningenyamaza. Mpaka leo nasema ningenyamaza.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kidole chake, na chini ya kidole nikaona kitu. Baba alikuwa ananipitisha kwenye milango ya nyumba za zamani ananiambia tazama mlango umeliwa wapi, umeliwa pale mkono unapogusa, si penginepo. Ile bunduki ilikuwa imeliwa kila mahali kwa usawa uleule. Imeliwa chini ya mtutu karibu na ncha ambako hakuna mtu anashika. Na kwenye kifuniko, pale kidole kinaposukuma, palikuwa sawasawa na pengine pote, hapana alama ya mtu.

"Babu," nikasema, "hii hakuna mtu aliyewahi kuifunga."

Akageuka. Nikamwonyesha. Nikamuuliza na lingine, hivi babu yako alipoinunua ilikuwa imechakaa au mpya? Hakujibu. Akaiinamia akaitazama kwa karibu sana, akapapasa kifuniko kwenda na kurudi. Uso ukabadilika, si hasira, ni kama mtu uliyemwamsha usingizini. Akailaza kwenye kaunta jirani na ile ya kale. Akachukua mpya.

Fomu nilimsaidia kusoma, kusaini akasaini mwenyewe. Kwenye gari hatukuongea mpaka tunakaribia kwake ndipo akasema, "Babu yangu alikuwa na miaka 22 alipoinunua." Basi.

Aliishi miezi 20 baada ya hapo. Kwenye kiwanja cha shabaha nilimpeleka mara tatu tu, ya nne alichoka tukiwa njiani tukarudi. Kilichobaki ni jioni. Nikishamaliza kuosha vyombo namkuta kwenye kiti chake, anaikagua, tupu, ananionyesha na mimi kwamba tupu, alivyokuwa anafanya babu yake, halafu mkono chini, mkono juu, anafunga kifuniko. Mara tatu nne, anairudisha kwenye kabati anafunga na ufunguo. Hakuwahi kuniambia kama alijuta. Mi ndo nilikuwa nafikiri, usiku nikirudi kwangu, kwamba mtu wa miaka 83 hana muda wa kuchakaza chuma, na mimi nimemtoa mkononi kitu ambacho kwa dakika moja pale dukani kilimrudisha alikotaka kurudi. Nilikuwa sahihi kuhusu mbao na chuma. Kuhusu yeye sina hakika.

Baada ya mazishi binti yake aliniomba nikae naye wakati anatoa vitu. Tulipofika kwenye kabati akaniuliza kama naijua hii, nikasema naijua. Nikaomba niitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ile buluu nyeusi ya kifuniko ilikuwa nzima, isipokuwa pale mbele, sehemu ndogo kama punje ya kunde, ilikuwa imefifia. Nikaigeuza geuza. Mara naiona, mara naona ni dirisha tu linaakisi. Binti yake nilimuuliza anaona nini akasema haoni kitu, machozi yalikuwa yamemjaa.

Mwanangu alipomaliza kula akarudi jikoni. "Iko wapi sasa hiyo ya Babu?" Nikamwambia ipo kwa mjukuu wake, Idaho. Akafikiri. "Ana mtoto?" Nikamwambia anaye, wa kiume, atakuwa na miaka sita au saba sasa.

Usiku nikamtumia meseji yule binti, nikamuuliza kifuniko huwa anafunga nani. Bado hajajibu.