Mizani kwenye singe ya Mjerumani

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa bodaboda alisimama mlangoni kwangu, hapa Ng'ambo, na kitu alichokiviringisha kwenye kiroba. "Shikamoo, mzee. Nimeambiwa wewe unanunua mali ya Mjerumani." Nikamwitikia, nikamkaribisha kiti, kisha nikamweleza kwamba mali sinunui. Nanunua visu na singe tu, yaani vile visu vya kuchomekwa mdomoni mwa bunduki.

Hapa Tabora hilo lazima uliseme mapema. Mtu akikuambia mali ya Mjerumani, anawaza dhahabu. Na hawazi bure: 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imewabana, Wajerumani walipiga sarafu hapa hapa mjini kwetu, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Tangu hapo watu wanachimba chini ya miembe, na kila chuma chenye kutu kinakuja kwangu na bei ya milioni.

Kijana akafungua kiroba. Ilikuwa singe ya bunduki ya 98, muundo wa 1905, ile ambayo bapa lake hupanuka kuelekea nchani kama kisu cha buchani, urefu wa karibu sentimita 37. Kifua changu kikapiga. Nikaigeuza nitazame mgongo wake, pale karibu na mpini, nikakuta pamemeremeta kama kijiko kipya. "Nimeipitisha kwenye grainda kwa fundi, mzee, ili uione uzuri wake."

Nilinyamaza kwa muda. Pale palipopitishwa grainda ndipo palipokuwa na taji, chini yake herufi W ya Kaisari Wilhelm, na chini ya W tarakimu mbili za mwaka. Kwenye shingo ya bapa lilikuwepo jina la kiwanda. Vyote vimekwenda na cheche. Nilifanya kazi ya chuma kwenye karakana ya reli miaka 31, najua msasa na grainda vinavyokula. Kutu ya juujuu inangoja, unaweza kuitoa polepole kwa mafuta na kitambaa hata baada ya miaka mia. Muhuri ukishafutwa hakuna fundi wa kuurudisha. Nikamlipa nauli yake na chai, singe nikamrudishia, nikamwomba akiona nyingine asiiguse, aje nayo na uchafu wake.

Zangu ziko tano. Ya kwanza nilirithi kwa bibi yangu, Sikonge. Ni ya mfano wa 1871, mpini wa shaba, na bapa lake lilikatwa na mhunzi likabaki kipande cha kukatia mabua ya tumbaku. Singe za namna hiyo zilikwenda na bunduki za 71, zile za baruti nyeusi zilizotoa moshi mzito kila zilipolia, na askari wengi wa Mjerumani huku kwetu waliingia vitani 1914 wakiwa bado na bunduki hizo, huku wenzao wa Ulaya wana bunduki mpya zaidi, Mauser ya 98. Bibi hakujua habari hizo. Aliiita "kisu cha babu yenu" na hakuruhusu mtoto akichezee. Shaba yake imelainika kwa kiganja chake, na mimi sijaipaka chochote zaidi ya nta.

Nta naichukua kwa warina asali wa huko huko Sikonge. Naiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, naichanganya na tapentaini kidogo mbali na jiko, ikipoa inakuwa laini kama samli. Unapaka nyembamba, unafuta. Chuma, mbao, ngozi ya ala, vyote inavifaa. Sanduku lenyewe ni la mninga.

Ninayoipenda kuliko zote niliipata Kanyenye mwaka 2009. Mama mmoja alikuwa akiitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo. Chini ya kutu nilikuta alama ndogo ya mizani ya mikono miwili na jina Alex Coppel, Solingen. Mgongoni: taji, W, 15.

Hiyo 15 ilininyima usingizi. Singe ya 1915 imefikaje Tabora wakati Waingereza walikuwa wameziba bahari? Meli mbili tu za Kijerumani zilipenya kutuletea silaha: Rubens, Aprili 1915, karibu na Tanga, na Marie, Machi 1916, kwenye ghuba ya Sudi, kule Lindi. Mama yule aliniambia babu yake alikuwa askari. Namwamini kuhusu babu. Kuhusu singe, huenda ililetwa baadaye na mtu aliyeiokota Ulaya. Nimeandika yote mawili kwenye daftari langu na sijafuta hata moja.

Solingen, huko Ujerumani, ni mji wa wahunzi wa visu na panga tangu karne za kati. Kiwanda cha Coppel kilianzishwa huko 1821, na familia yenyewe ilikuwa ya Kiyahudi. Singe zao zilibebwa na wanajeshi wa Kaisari. Wanazi wa Hitler walipotawala, familia ikalazimishwa kuachia kiwanda. Alexander Coppel, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akapelekwa kambi ya Theresienstadt 1942, akafia huko mwaka huo huo. Leo kuna shule Solingen yenye jina lake. Siku niliposoma hayo niliitoa singe kwenye sanduku nikaishika tu, nikitazama ile mizani.

Sasa, mwaka juzi mpwa wangu alirudi kutoka masomoni Ulaya. "Mjomba, nimekuletea kisu cha Mjerumani, nacho cha Solingen." Kilikuwa kisu cha umoja wa vijana wa Hitler. Mpini mweusi, katikati almasi nyekundu na nyeupe yenye swastika, ile alama ya Wanazi, na kwenye bapa maneno ya Kijerumani yenye maana ya "Damu na Heshima". Visu hivyo vilianza kutolewa 1933, na maneno yale yaliacha kuandikwa 1938, kwa hiyo chake ni cha kati ya hapo. Mtoto wa miaka kumi alikuwa anakipata baada ya kufaulu mtihani: kukimbia, kuruka, kujua nyimbo na viapo. Ujerumani ya leo sheria inakataza kuionyesha alama ile hadharani.

Nilimshukuru mpwa wangu, kwa sababu alitumia hela yake ya mwanafunzi na alinikumbuka. Lakini kisu hicho hakijakaa hata siku moja sanduku moja na singe ya Coppel. Nimekifunga kwenye kitambaa cha turubai, kiko ndani ya kabati langu la zana, pamoja na karatasi niliyoandika ni nini na kilikuwa cha nani. Kukitupa sitaki, atakiokota mtu akitundike ukutani kama pambo.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na moja. Alipokiona alinyoosha mkono. "Babu, hiki si cha watoto? Nipe mimi." Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamsomea ile karatasi yote, na habari ya mzee Coppel nikamwambia. Akauliza kama wale watoto walijua. Nikamjibu kwamba waliambiwa mambo mengi na watu wazima waliowaamini.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, yeye ndiye anayepaka nta ile singe ya mizani. Anatumia kidole, kitambaa anasema kinaruka zile herufi.