Karafuu kwenye bia yangu

Katika daftari langu la bia ninazopika nyumbani, neno "karafuu" limeandikwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Julai, na nililipigia mstari kwa furaha. Mara ya pili ni juzi Alhamisi, na kalamu ilikuwa nzito mkononi. Harufu ni ileile, pua ni ileile, na jiko ni lilelile la hapa Buruburu. Leo Jumamosi, Mama amelala chumbani, nami nimekaa na ndoo mbele yangu nikijaribu kuandika yote kabla sijasahau yalivyofuatana.

Ile ya Julai ilikuwa bia ya ngano, ya mtindo wa Bavaria kule Ujerumani. Zaidi ya nusu ya kimea chake ni cha ngano, kilichobaki ni cha shayiri, na hamira yake ina tabia zake. Hakuna anayetia karafuu wala ndizi ndani ya sufuria; ni hamira yenyewe inayozaa harufu hizo inapochachua. Ikikaa penye joto, ndizi mbivu hutawala. Ikikaa penye baridi, karafuu hutangulia. Na Julai ya Nairobi mnaijua. Ndani ya kabati nilimoweka ndoo, kipimajoto kilisoma nyuzi 17 wiki nzima. Nilipofungua chupa ya kwanza, karafuu ilinipokea kabla glasi haijafika mdomoni. Nilifurahi kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba asiyoijua akaitikiwa kwa jina lake.

Nikampelekea jirani yangu wa ghorofa ya juu, mzee aliyehudumu baa miaka mingi na ambaye namheshimu sana kwa mambo ya bia. Akanusa, akaonja, akakunja uso. "Kijana wangu, hii imeharibika. Inanuka kama kwa daktari wa meno."

Pua yake haikukosea hata kidogo. Mafuta ya karafuu hutumiwa kutuliza maumivu ya meno, na ndiyo harufu aliyoikumbuka. Ila maisha yake yote bia ni laga: rangi ya dhahabu, imechujwa ikang'aa, haina harufu inayokukimbilia. Kwa mizani hiyo bia yangu ilikuwa imeoza. Kwa mizani ya Bavaria ilikuwa imefika nyumbani. Tangu siku hiyo siwashi jiko kabla sijaandika juu ya ukurasa ninataka kupika bia ya namna gani, kwa sababu bila hilo sijui hata swali la kujiuliza wakati wa kuonja.

Kwa hiyo ukurasa wa bia ya pili unaanza hivi: "Bia ya shayiri, rangi ya shaba, chungu kiasi, harufu ya balungi, hamira isiyosema sana." Balungi lingetoka kwenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, aina ya Cascade, zilizotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972. Hopsi hupenda siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta, hivyo hapa kwetu tunatumia za kuagiza, na ni ghali. Ndiyo maana bia ikienda kombo inaniuma. Shayiri ya bia tunayo wenyewe, Mau Narok na Timau.

Nilichemsha dakika 90 badala ya 60. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kimea cha rangi nyeupe kina kitu kinachonuka kama mahindi ya kuchemsha, na kitu hicho hutoka na mvuke. Mchemko ukiwa mdogo, upe muda zaidi. Haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, ilisoma 1.048 siku ya kwanza. Wiki mbili baadaye ilisoma 1.011, na siku tatu mbele ikasoma 1.011 tena, ndipo nikajua hamira imemaliza kazi. Kilevi chake ni karibu asilimia 4.9. Niliionja pia siku ya sita, ikawa na ladha ya tufaha bichi, nikaiacha bila wasiwasi. Bia changa huwa hivyo. Hamira huirudia ladha hiyo na kuimaliza, mradi usiiharakishe. Nikatia kwenye chupa na sukari kidogo ya kuleta gesi, nikangoja.

Alhamisi nikafungua chupa iliyotoka kwenye friji. Povu zuri, rangi ya shaba kama nilivyotaka, balungi lipo. Nikaandika "nzuri". Simu ikalia, nikazungumza karibu nusu saa, niliporudi glasi ilikuwa imepoteza ubaridi. Nikanusa tena. Karafuu.

Wahudumu wa baa za kwetu huuliza, "Baridi ama moto?" Nilikuwa nikidhani ni suala la koo la mtu tu. Siku hizi naona ni swali zito. Baridi kali hufunga pua na kuulaza ulimi, na bia yenye kasoro hupita salama. Bia ya "moto", yaani isiyotiwa kwenye friji, haina pa kujificha. Sasa kila chupa ninayotaka kuihukumu naionja mara mbili, na hukumu naitoa kwa ile ya pili.

Sikulala vizuri. Nilianza kwa maji. Maji yetu ya mfereji yana klorini, na klorini ikikutana na bia huweza kuleta harufu ya plasta na dawa ya kidonda, ambayo mtu akiwa na haraka ataiita karafuu. Lakini mtaani kwetu maji huja kwa mgao, na yale niliyopikia yalikaa kwenye pipa siku mbili bila mfuniko, kisha nikayachemsha. Hapana. Nikapima siagi pia: glasi mbili za bia, moja nikaiweka ndani ya maji ya moto ya nyuzi 60 hivi kwa dakika 20, nikaipoza, nikainusa pamoja na mwenzake. Kama bia inaficha ladha ya siagi, joto huitoa nje. Haikutoka. Karafuu ikabaki imesimama pale pale.

Jana jioni Mama akafika kutoka Shinyalu. Mama alipika busaa, pombe yetu ya kienyeji, miaka mingi, ya harusi na ya matanga, na nilikua nikimwona akikaanga unga wa mahindi uliochacha juu ya bati, moshi ukimtoa machozi, kisha akiuchanganya na maji na kimea cha wimbi. Siku hizi hanywi, lakini kuonja anaonja. Nilimmiminia kidogo katika kikombe cha chai. Akaizungusha kinywani, akanyamaza kwa muda.

"Mwanangu, hii ulitaka iwe nini?"

Nilimweleza. Hakusema nzuri wala mbaya. Katika busaa uchachu ndio unaotafutwa, na kwenye bia ya aina yangu uchachu ungekuwa msiba. Analijua hilo, kwa hiyo hakuipima kwa busaa yake. Akauliza tu, "Na chombo hiki kabla ya hapo kilikuwa na nini?"

"Bia ya ngano, Mama."

"Basi si imerithi? Sisi chungu cha busaa hatukukiosha kwa sabuni. Tulikisuza tu, ili kikumbuke. Chungu kikongwe kilianza kuchemka chenyewe kabla hujamaliza kukoroga."

Nilisimama wima. Ndoo yangu ni ya plastiki, ya lita 20, yenye mfereji chini, za aina ile iliyojaa milangoni mwa maduka mwaka 2020 tulipokuwa tukinawa mikono kila kona. Ndani yake nilikuwa nimeweka lita 16 tu ili povu lipate nafasi, na lita nne zilizobaki nikazitia katika mtungi wa kioo. Maji yaleyale, kimea kilekile, hamira kutoka pakiti moja, kabati moja. Chupa nane za mtungi ule nilizitia nukta ya kalamu kwenye kizibo, nikazisahau nyuma ya gunia la viazi.

Nilimwomba mke wangu anisaidie ili pua yangu isije ikaona ilichokwisha kukiamini. Nikageukia ukutani. Akamimina vikombe vitatu: viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine, bila kuniambia kipi ni kipi, na kazi yangu ikawa kumtaja mgeni. Mara ya kwanza nikapata. Tukarudia mara tatu zaidi, akibadilisha mpangilio. Nikapata zote nne. Kwa kubahatisha tu, nafasi ya kupata nne mfululizo ni moja kati ya 81. Bia ya mtungi ilikuwa safi: shayiri, balungi, uchungu unaokaa ulimini kidogo kisha unaondoka. Ndiyo ile niliyoiandika juu ya ukurasa. Nilikuwa nayo muda wote, nyuma ya viazi.

Kisha nikaufungua mfereji wa ndoo kwa spana. Nyuma ya mpira wake kulikuwa na utando wa rangi ya maziwa ya chai, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Niliusogeza puani. Julai nzima ilikuwa pale. Nilikuwa nimeosha ndoo, nimetia dawa, nimesuza, na mfereji sikuwahi kuufungua hata siku moja.

Nilitaka kuitupa asubuhi ya leo. Mama akanizuia mkono, akauliza kwa nini nitupe chombo kilichokwisha kujifunza kitu. Nimeshanunua mpira mpya wa mfereji na ndoo nyingine isiyo na mfereji kabisa. Hiyo ni ya bia za shayiri, na bia yake nitaitoa kwa mpira wa kunyonya ninaoweza kuuchemsha. Hii ya zamani nimeisafisha kadiri ya uwezo wangu, ikakauka juani hapo kibarazani, na sasa nimechukua kalamu ya wino mzito nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: NGANO.